Salamu ya Mkono wa Kulia

Mama Siti alijua pikipiki ile itaanguka kabla haijaanguka. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, mlango uko wazi, siti ya mteja imelala mapajani pake kama mtoto mgonjwa, na mguu wake unakanyaga polepole, maana ngozi ya plastiki ukiikimbiza inachanika. Ndipo akasikia mlio ukishuka mlimani. Haukuwa mlio anaoujua, naye milio mingi ya njia ile aliijua kama watu wanavyojua vikohozi vya nyumbani kwao. Ulishuka vizuri, mlio wa mtu mwenye hadhari. Ukapunguza, ukaingia kona. Halafu katikati ya kona ukakatika. Haukuzimika. Ulikatika kama mtu anayezungumza nawe, kisha akaona kitu nyuma yako.

Mama Siti akauondoa mguu kwenye cherehani. Kule jikoni kisu cha mkwewe nacho kikanyamaza. Kisha kishindo.

Ukutani, juu ya kitanda kilichokuwa cha mwanawe mkubwa, duara la mwanga lilikuwa linapanda taratibu. Kila siku isiyo na mawingu duara lile lilikuja saa kumi alasiri, likapanda ukuta, likatulia kidogo juu ya mto, likaenda zake. Lilitoka kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, kilichofungwa kwa waya kule konani. Mama Siti alikifunga mwenyewe, na kila duara lilipoingia humo ndani alikuwa akilikaribisha kwa sauti ndogo. Siku hiyo hakulikaribisha. Alikwisha kutoka mbio, kandambili mkononi.

Kona ile watu waliiita Kiwiko. Barabara inateremka imenyooka kutoka kwenye tanuri la matofali, inaanza kujipinda kwa upole kama mkono uliolegea, na mwenye pikipiki anajisemea hii si kitu. Kisha katikati, pale alipokwisha kuidharau, inajikunja ghafla. Upande wa nje kuna mtaro mkavu, na kando ya mtaro kuna kisiki cha mkaratusi. Hapo ndipo alipoishia Bawa, mwana wa kwanza wa Mama Siti, mwaka mmoja kasoro siku tano. Wenzake walimwita Bawa kwa sababu alilaza pikipiki kwenye kona mpaka chuma cha kukanyagia kikatoa cheche, kama ndege anayegusa maji kwa bawa moja. Alikuwa akijisifu kwamba hajawahi kugusa breki Kiwikoni. Na kweli hakugusa, hata siku ile.

Mama yake alipigilia miti miwili juu ya kisiki, mmoja wima, mmoja wa kukingama, akaivika koti la manjano la mwanawe, lile la kung'aa linalovaliwa na waendesha pikipiki. Mahali pa uso akafunga kile kioo. Alitaka watu wakiona wapunguze mwendo. Hakuwa na lingine moyoni.

*

Aliyeanguka alikuwa mwanamke mwenye viatu vya mpira, ameketi mtaroni, anaushika mkono wake wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine na amepewa autunze. Sanduku lake la barafu lilikuwa limepasuka. Vichupa vidogo vilitapakaa majanini.

"Msikanyage chanjo," akasema. Ndilo neno lake la kwanza.

Alikuwa daktari wa ng'ombe, kahamishiwa huko mwezi huo huo. Mama Siti na mkwewe walimwinua, mmoja huku mmoja kule, wakamfikisha nyumbani na kumlaza kwenye benchi la wateja. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, ulionekana chini ya ngozi kama kijiti ndani ya soksi. Mama Siti akakata utepe mrefu wa ngozi ya siti, nyeusi, mpya, akamfungia mkono shingoni kwa fundo lile lile analofungia siti za watu, lisilolegea. Mkwe akapeleka mtu tanurini kuuliza kama lori la matofali litashuka mjini.

Daktari alikunywa maji, akatazama ukutani, akaona picha ya Bawa na utepe mweusi pembeni yake.

"Kumbe ni wewe mama yake," akasema. "Basi nisamehe. Nilimsalimia, lakini pengine nilikosea."

Mama Siti akamwambia hakuna cha kusamehe, apumzike. Lakini daktari alitaka kusema. Kule kijiweni, wanapoegesha pikipiki, alikuwa amesimama kujaza upepo, nao wakamwonya: Kiwikoni usipite bila salamu. Mgeni wa kwanza alipita bila salamu, yule wa mikate, mguu ukavunjika mara mbili. Wa pili, mbeba saruji, alisalimia kwa mkono wa kushoto, akazikwa. Wewe inua mkono wa kulia, kwa adabu, na umtazame usoni.

"Nikamtazama usoni," daktari akasema. "Nikaona mtu wa helmeti anakuja. Anakuja kwangu moja kwa moja, nami nikajikuta naenda kwake."

Kikombe kilimponyoka mkwe. Hakuna aliyekiokota. Mama Siti aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilingoja neno hilo mwaka mzima:

"Alikuita?"

Daktari akaurekebisha utepe shingoni.

"Mama, mimi natibu ng'ombe. Mambo ya kuitwa siyajui. Ninachojua, kabla hatujapewa hizi pikipiki tulifundishwa wiki mbili uwanjani. Mwalimu wetu alikuwa na kidole pungufu. Siku ya kwanza aliweka ndoo moja katikati ya uwanja, uwanja mtupu wa mpira, akasema piteni, ila msiigonge. Tulikuwa kumi na wawili. Saba tuliigonga ile ndoo. Uwanja mzima ule. Akatuuliza kwa nini. Tukasema, mwalimu, tulikuwa tunaitazama tusiigonge."

Mkwe alitaka kucheka, akaona mama mkwe wake hacheki.

"Pikipiki inakwenda yanakokwenda macho," daktari akaendelea. "Ukitazama shimo, utaingia. Na kona unaitazama kule inakotokea, si pale unapopaogopa. Mimi nayajua hayo, mama. Nimeyafundisha wengine. Nikaambiwa salimia, nikasahau yote. Halafu mkono wa kulia ndio wenye mafuta, ndio wenye breki ya mbele. Nimeuinua katikati ya kona kwa ajili ya adabu."

Mama Siti aliketi kwenye kiti cha cherehani bila kuangalia kama kiko pale. Neno la mkono wa kulia lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Siku ya pili baada ya kumzika mbeba saruji, waendesha pikipiki walimjia uani, wamejaa huzuni, kumwambia kwamba mwanawe amechukua mtu mwingine na huyu alimsalimia. Aliuliza alimsalimiaje. Wakamwonyesha: mkono wa kushoto juu, kidogo tu. Uchungu ukampanda. Akawaambia, nani aliwafundisha kumsalimu mtu kwa kushoto, mwanangu ni mbwa? Basi. Neno la mama aliyefiwa, lililotoka siku moja na kupaswa kupoa siku hiyo hiyo, wao wakalishika kama sheria. Na yeye alipoona wanalishika, alifarijika. Kila alipotokea wa kuanguka aliongeza kwenye koti ukanda mmoja wa kung'aa, lionekane zaidi.

Ndipo mlio mwingine ukaanza kushuka mlimani, na huu aliujua. Ulikuwa wa Wembe, mwanawe mdogo, aliyebaki, mume wa mkwe yule.

Ulishuka kwa kasi. Honi mbili. Ukaingia Kiwikoni, na katikati ukakatika, pumzi moja hivi, kisha ukarudi. Kila jioni Mama Siti aliusikia mkato ule akadhani ni kilima, au upepo, na siku nyingine, akiwa peke yake, alidhani ni Bawa anavuta pumzi ya mdogo wake. Sasa alielewa. Ni mkono wa kulia unaoachia mafuta. Ni mwanawe anamsalimu ndugu yake.

Lori la matofali lilipofika kumchukua daktari, Mama Siti alimsindikiza mpaka mlangoni pa lori. Akamuuliza kwa chini, hiyo sehemu kona inakotokea, mtu anaijuaje.

"Pale unapotaka kuwa," daktari akasema. "Nenda kasimame pale, utapaona."

*

Jumamosi ilikuwa inatimia mwaka wa Bawa. Kijiwe kizima kilikuwa kimepanga: pikipiki arobaini zitateremka kutoka tanurini saa kumi, zote zitamsalimu. Wembe atatangulia. Atapita kama alivyokuwa akipita kaka yake, bila breki.

Mama Siti alingoja mpaka mwanawe amenawa na kuketi. Akamweleza ya ndoo, ya macho, ya mkono. Alieleza vizuri, kwa subira, kama anayefumua mshono bila kuharibu nguo. Wembe alisikiliza huku akitafuna, akimtazama mkewe kwa tabasamu.

"Mama, wewe ni fundi wa siti," akasema. "Mkubwa, hapa hakuna kama wewe. Lakini hujawahi kukalia hata moja ikiwa inatembea."

Mkewe akamwambia asimseme mama hivyo. Wembe akasema hamsemi vibaya, anamsifu. Akaongeza kwamba huyo daktari anaendesha kama aliyebeba mayai.

"Alibeba chanjo," mama akasema.

"Ni kitu kimoja. Mimi Kiwiko nakijua, mama. Nakijua nikiwa nimefumba macho."

"Bora ungefumba. Tatizo ni unavyoyafumbua."

Wembe akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akaisukuma mbele sahani. Alianza kusema kwa sauti ya chini, akiitazama meza. Alisema kwamba kila siku anabeba abiria, na kila siku abiria mmoja wakifika Kiwikoni humwambia hapa ndipo alipokufa yule kijana aliyekuwa anajidai. Hawajui kama ni ndugu yake. Humwambia kwa kumwonya, kwa wema tu. Na yeye huitikia, ndiyo, ndiyo, huku anawabeba.

"Kaka hakufa kwa kujidai. Kulikuwa na mchanga, au mafuta yamemwagika, kuna kitu. Nikipita vile vile alivyokuwa anapita, mbele ya watu wote, watajua ile kona inapitika vile. Watajua hakuwa mjinga."

"Na isipopitika?"

Wembe aliinuka akaenda nje kupaka mnyororo mafuta, ingawa alikuwa ameupaka asubuhi.

Wanawake wawili walibaki na vyombo. Mkwe alisugua sufuria moja muda mrefu, kisha akasema bila kugeuka:

"Mama, kila saa kumi kisu changu husimama mpaka apite."

"Najua, mwanangu. Hata cherehani yangu."

Walikuwa wakiishi nyumba moja mwaka mzima, ukuta mmoja katikati, kila mmoja akimsikia mwenzake akinyamaza, na hakuna aliyekuwa amesema.

*

Alhamisi Mama Siti alikwenda kijiweni kwa miguu. Tangu kufa kwa mbeba saruji hakuna aliyekuwa radhi kumpakia. Hawakumkatalia waziwazi. Mmoja alikuwa hana mafuta, mwingine anamngoja mteja, wa tatu alianza kutafuta spana. Siti zao walikuwa bado wanamletea, lakini waliziacha mlangoni, na kuzichukua walimtuma mtu.

Mwenyekiti wao alimpokea kwa heshima. Akamfutia siti ya pikipiki iliyoegeshwa, akamwomba aketi. Mama Siti akaona ni mshono wake, akaketi upande. Akasema alilokuja nalo: anaomba waache salamu. Wapite Kiwikoni polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele. Yule marehemu ni wake, na yeye anasema hahitaji kusalimiwa.

Wale vijana wakatazamana. Mcheshi wao, mmoja mwembamba aliyekaa juu ya tairi, akauliza kwa upole kabisa kama sasa mama anataka asalimiwe kwa mguu. Walicheka puani. Mwenyekiti hakucheka.

"Mama, mkono wa kulia ulituambia wewe," akasema.

"Nilikuwa na uchungu."

"Na sisi tukauheshimu uchungu wako. Tangu siku ile, sisi tunaosalimia tunapita salama, asubuhi na jioni. Sasa tukiacha, na mtu akaanguka kesho yake, utamwambia nini mama yake?"

Mama Siti akawatazama wale watu arobaini, nao wakimtazama mdomo. Akasema kwamba basi atalitoa koti.

Hapo nyuso zikabadilika. Mwenyekiti alisogea karibu, akapunguza sauti, si kwa ukali.

"Usicheze na hilo, mama. Koti ni lako. Aliye ndani yake si wako peke yako tena."

Aliporudi alipitia juu, tanurini, ateremke barabara kama wanavyoteremka wao. Ilikuwa saa kumi kasoro. Kutoka kule juu koti lilionekana kama kibatari. Upepo ulikuwa umelijaza, kifua kimetuna, mikono imenyooka. Kioo kikamulika jichoni mwake, kikaacha, kikamulika tena, kama mtu anayekonyeza. Mama Siti akaamua kufanya jambo ambalo angeonekana na watu wangemcheka. Akainua mkono wa kulia, akalikazia macho koti, akaanza kutembea.

Alitembea hivyo, bibi wa miaka sitini na mbili, kwa mwendo wa kwenda kuteka maji. Alijiambia, nafuata lami, nafuata lami. Kioo kilikuwa kinakua. Ndani yake akaona mwanamke mdogo anakuja, mkono juu. Akamwonea huruma yule mwanamke. Kisha mguu wake wa kushoto ukakanyaga hewa, na alikuwa ukingoni mwa mtaro, hatua tatu kutoka kwenye kisiki, hajui lami aliiacha lini.

Akajivuta kutoka ukingoni. Akapanda tena juu. Mara hii hakulitazama koti. Alitazama mbali, kule chini kona inakomalizikia, kwenye kikaravati, daraja dogo lenye ukuta mweupe. Ilikuwa kazi. Shingo ilitaka kugeuka, ubavu mzima wa kushoto ulimwasha kama mtu anayesimamiwa karibu mno. Lakini macho yakabaki kwenye ukuta mweupe, na miguu ikapinda yenyewe, ikapita Kiwiko chote, ikamfikisha hapo bila yeye kuiambia.

*

Jumamosi Wembe aliondoka mapema akiwa amevaa shati jeupe. Alimpa mama yake mkono, wa kulia, akaushikilia kidogo. Mkewe hakutoka chumbani.

Saa tisa na nusu Mama Siti alikwenda kisikini, mkwewe nyuma yake. Hakukuwa na upepo, na koti lilikuwa limenywea. Alianza na kioo. Waya ulikuwa wa moto. Akaufungua kwa koleo yake ya siti, akampa mkwe kioo, akamwambia, kifunike, usikitazame. Mkwe akakiviringisha kwenye kanga aliyojifunga, akakibana kwapani.

Halafu akalivua koti. Alishughulika nalo mkono mmoja mmoja, vile mtu anavyomvua mtoto aliyesinzia. Lilikuwa zito kwa kanda alizokuwa ameziongeza. Na ndani, kwenye bitana, kwenye makwapa, lilikuwa na joto. Si joto la jua, kwa maana jua lilikuwa linapiga mgongoni na joto lilikuwa mbele, kifuani. Lilikuwa joto la koti lililovuliwa sasa hivi. Mama Siti alilishikilia kidogo. Mkwe akamuuliza kuna nini. Akasema hakuna.

"Tuliweke wapi?" mkwe akauliza.

Ndivyo walivyokuwa wamepanga: walitoe, walifungie ndani. Lakini kutoka kule juu ulikuwa umeanza kusikika mngurumo kama mvua inayotembea juu ya mabati, na Mama Siti akakumbuka macho. Macho yatakuja yakitafuta. Macho yasipokuta kitu yatang'ang'ania pale pale.

Akalivaa. Lilimfika magotini. Zipu ilikuwa imekufa kwa kutu, akalibana kifuani kwa mikono miwili, akateremka upesi mpaka kwenye kikaravati cheupe, akasimama, akageuka.

Wembe alikuwa ametangulia. Mama Siti aliusikia mlio wake juu ya milio yote, na ulikuwa mkubwa mno. Haukupungua ulipofika pale unapopungua kila siku. Honi mbili. Akaingia Kiwikoni. Kisha mlio ukakatika.

Alimwona akitokeza. Mkono wa kulia uko juu, shati limejaa upepo, uso umegeukia kisikini. Kisiki kilikuwa kitupu. Mama Siti aliuona uso wa mwanawe ukiwa kama wa mtu aliyemwachia mtoto mkono sokoni akageuka asimkute. Pikipiki iliendelea kwenda kule uso ulikokuwa. Lami ikaisha chini ya gurudumu la mbele, kokoto zikaanza kuruka. Mama Siti hakupiga kelele. Alisimama tu, akiwa amelibana koti, na midomo yake ikasema jina la utotoni la Wembe ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

Uso ukageuka. Ulitafuta, ukavuka barabara, ukamwona.

Mkono ukarudi kwenye usukani. Pikipiki ikalala, ikalala zaidi, chuma cha kukanyagia kikapiga lami na cheche zikatoka mkia mzima, na Wembe akaletwa, ndivyo ilivyokuwa, akaletwa kando ya mtaro na kuzunguka Kiwiko kama uzi unaovutwa na sindano, mpaka akampita mama yake karibu kiasi cha kumwachia vumbi mdomoni.

Waliokuwa nyuma walikuwa wameona. Walishika breki wakiwa bado kwenye njia iliyonyooka, wengine nusura wagongane. Kisha wakateremka mmoja mmoja, polepole, mikono miwili kwenye usukani. Hakuna aliyesalimia. Walipofika kwenye kikaravati walimkwepa yule mwenye koti kwa macho, kisha wakaona nywele zake za mvi, wakamtambua, wakasimama.

Mwenyekiti alishuka. Alikuwa na hasira, au alikuwa na hofu, vitu hivyo huazimana nguo.

"Mama, umefanya nini?"

"Anayetaka kumsalimu mwanangu," Mama Siti akasema, "azime pikipiki, aje nyumbani. Viti vipo."

Mcheshi wa kijiweni alikuwa karibu. Aliinama akazima pikipiki.

*

Wembe hakuweza kushuka mwenyewe. Mkewe alimshikia pikipiki huku mwenyekiti akimshika yeye. Watu walikuja nyumbani wakakaa, wakanywa maji, wakatoa pole zao za mwaka mzima na kwenda. Duara halikuja ukutani siku ile. Kioo kilikuwa chini ya kitanda, ndani ya kanga.

Walipoketi mezani watatu, ndipo Wembe aliposema.

"Niliingia vibaya, mama."

Mama Siti akamwekea chakula.

"Kasi ilikuwa imenizidi tangu juu. Nilijua kabla sijafika. Nikasema, nitatoka tu, kaka alikuwa anatoka." Alikitazama kijiko. "Hakukuwa na mchanga, mama. Siku ile hakukuwa na mchanga wala mafuta. Naye aliingia vibaya tu."

Mkewe akamwekea mkono begani. Nje mtu alipita na pikipiki, akapunguza kabla ya kona, akaingia, akatoka, mlio mmoja usio na mkato. Wote watatu waliusikiliza mpaka mwisho.

"Nisingekuona ningekuwa kule kule," Wembe akasema. Alikuwa amepata nguvu kidogo, hata akataka kutabasamu. "Na ulifanya vizuri kunipungia. Maana nilikuona, lakini sikujua nifanye nini. Ulivyoniinulia ule mkono, ukaniita hivi, ndani, ndani, njoo ndani. Mkono wa kulia, mama. Hata pale ulikumbuka adabu."

Mkwe aliinua uso akamtazama mama mkwe wake. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara saa ile, na alikuwa ameona yote.

Mama Siti aliitazama mikono yake mezani. Meno ya zipu yalikuwa bado yamechorwa kwenye viganja vyote viwili, cha kulia na cha kushoto, mstari mwekundu kwa mstari mwekundu, mahali alipolibana koti bila kuliachia tangu mwanzo mpaka mwisho.

Akavishusha chini ya meza.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kinapoa."